Dakika Kumi za Kupooza

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, mvua ya masika ikipiga bati, nilipoteza upande wangu wa kushoto. Nilikuwa kwenye cherehani, nashona. Mguu wa kushoto ukaacha kukanyaga, nikadhani mkanda wa cherehani umekatika. Nikainama kuutazama. Mkanda ulikuwa mzima. Aliyekatika nilikuwa mimi.

Mwaka uliotangulia nilimpoteza mume wangu, Baba Rehema. Simwandiki sana hapa, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa mfupi na sikupata muda wa kujifunza chochote kitakachomsaidia mtu mwingine. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, nikatoka, nikarudi kwenye cherehani. Dawa zangu za presha niliziacha humo humo ndani ya eda. Hakuna aliyeniambia niziache. Niliona kichwa hakiumi, nikajipa cheti cha kupona. Nayasema haya kwa sababu labda wewe unayesoma umeziacha zako wiki hii. Kazimeze kwanza, kisha urudi tuendelee.

Mimi ni wa darasa la saba. Mengi aliyosema daktari sikuyashika, siwezi kukuandikia. Ninachokijua vizuri ni mabenchi.

Nililazwa Korogwe siku kumi na moja, kisha nikawa mtu wa kurudi kila Alhamisi kwenye chumba cha mazoezi ya tiba. Nje ya chumba kile kuna benchi refu, na juu yake tulikaa watu nusu nusu. Mzee mmoja wa Mnyuzi alikuwa amepoteza upande wa kulia. Aliposikia mimi wa kushoto, na kwamba ni fundi wa kushona, alinisogelea.

"Mama, si utushone? Chukua kulia kwako, chukua kushoto kwangu, anatoka mtu mmoja mzima."

Wifi yangu Mwanahawa, aliyekuwa amenishika ili nisianguke, alimjibu kwa niaba yangu. "Na ndevu atavaa nani?"

Wifi ni dada wa marehemu. Alikuja kutoka Handeni siku ya pili ya ugonjwa wangu, na begi moja na kuku watatu, akasema amekuja kwa wiki mbili. Hakuondoka. Ana mdomo na ana moyo, na vyote viwili havipumziki. Kitu kimoja tu kilimshinda, mgongo. Hawezi kuinua mtu.

Kuinuliwa kwenyewe ndiko kulikokuwa shida yetu kubwa, kwa hiyo acha nieleze choo. Mwenye haya aruke aya hii, lakini mwenye mgonjwa nyumbani asiruke.

Choo chetu kiko uani, hatua ishirini na mbili kutoka mlango wa jikoni. Ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Alikichimba marehemu mwenyewe. Mtu aliyepooza upande mmoja akichuchumaa, ameenda moja kwa moja, harudi. Wifi akachukua kiti cha plastiki, akakitoboa katikati kwa kisu cha moto, akaweka ndoo chini yake, akakipeleka chumbani kwangu. Kilikuwa kiti chetu cha wageni. Mwezi mmoja kabla alikuwa amekikalia mwenyekiti wa mtaa akinywa chai. Tangu hapo sijaweza kumtazama vizuri usoni.

Kukaa kwenye kiti kile niliweza, maana kukaa ni kuanguka tu. Kuinuka sikuweza. Aliyeniinua ni binti yangu Rehema. Alikuwa kidato cha tatu, mrefu kama baba yake, na alikuwa anacheza mpira wa kikapu kwenye timu ya wasichana ya shule. Mchana alikimbia nyumbani kuniinua, akarudi darasani. Jioni, wenzake walipokwenda mazoezini, yeye alikuja kuniinua tena. Akaacha mazoezi. Kwa kocha alisema ana mitihani. Kwangu alisema kocha anaumwa.

Baba yake alikuwa hakosi mechi. Alikaa juu ya ukuta wa shule akamlaumu mwamuzi hata kabla mchezo haujaanza. Kila Rehema aliponipitishia mikono kwapani na kuninyanyua, niliona mtoto anageuka fimbo yangu. Nimewaona wasichana wa namna hiyo, wanazeeka wamesimama kando ya vitanda. Sikutaka. Lakini mkojo hausubiri msimamo wa mtu.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Ukutani, juu ya kitanda cha Rehema, kulikuwa na ratiba ya mazoezi aliyopewa na kocha. Wifi alikuwa anafagia, akasimama, akaisoma. Kupasha, dakika kumi. Kuruka na kutua, dakika kumi na tano. Nguvu, dakika ishirini. Na mstari wa mwisho: Kupooza, dakika kumi.

Niliona ufagio unaanguka. Wifi akaing'oa ile karatasi, akajitanda kanga, akatoka bila kuniaga.

Yaliyofuata sikuyaona. Niliyasikia kwa watu watatu, na wote watatu walishindwa kumaliza kwa kucheka. Alikwenda hadi uwanja wa shule, akapita katikati ya wasichana waliokuwa wanaruka kamba, akamkuta mwanamke mfupi mwenye filimbi.

"Wewe ndiye kocha?"

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Shikamoo yako iweke kwanza. Hapa umeandika nini?"

"Ratiba ya mazoezi."

"Soma mwisho."

"Kupooza, dakika kumi."

"Mama yake kapooza tangu mwezi wa tano! Hatujamaliza na huyo, mtoto naye mnampooza! Tena kwa saa!"

Kocha alijaribu. Alieleza kwamba mchezaji akishakimbia, mwili unachemka, haifai kuuacha ghafla. Unautuliza pole pole, unapooza. "Kama uji, mama."

"Mtoto wa kaka yangu ndiye uji?"

Kocha akamtazama vizuri. "Mama, wewe Mzigua wa wapi?"

"Wa Handeni. Umejuaje?"

"Kwa ugomvi."

"Na wewe mwenye adabu umetoka wapi?"

"Mimi Mnyamwezi. Babu yangu alikuja kukata mkonge Mazinde, akasahau njia ya kurudi Tabora."

Hapo hasira yote ikakosa pa kukaa. Kwa asiyejua, Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana mbele za watu, anaweza kuingia msibani kwako akamwiga marehemu alivyokuwa anatembea, na huna la kufanya isipokuwa kungoja zamu yako. Wifi akaikunja karatasi.

"Sasa," kocha akasema, "huyo mama aliyepooza ni mama yake nani?"

Jioni ile ile alikuja. Jina lake Nyamizi. Alisimama mlangoni kwangu akachungulia ndani kama mtu aliyekuja mnadani.

"Hodi. Nimesikia kuna Mzigua anakufa, nimekuja kuchagua vyombo kabla foleni haijawa ndefu. Hii cherehani yangu. Masufuria yametoboka, bakini nayo." Akakiona kiti. "Na hiki nani amekila katikati?"

Nilikuwa sijacheka tangu msiba wa Baba Rehema. Nilicheka kwa upande mmoja, mate yakashuka kwa ule mwingine. Wifi alikimbilia jikoni nikamsikia analia. Nilidhani ameona aibu kwa ajili yangu. Baadaye aliniambia hapana, ni kwamba alikuwa ameisahau sauti yangu ya kucheka.

"Inuka nikuone," kocha akasema.

Rehema akaruka kuja kunishika.

"Wewe kaa. Sijakuita. Au na wewe mgonjwa? Uliniambia mitihani."

Rehema alikaa. Mimi nikajaribu mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu nikasimama, natetemeka kama meza mbovu. Kisha nikajiachia kwenye kiti, puu!

"Umesikika mpaka stesheni," kocha akasema. "Kwangu mtu hafundishwi kuruka kabla hajafundishwa kutua. Kuinuka utaweza tu. Wewe huwezi kushuka. Anza tena, na nisikusikie ukitua."

Kila mtu tangu mwezi wa tano alikuwa ananiambia pumzika. Majirani, pumzika. Wifi, pumzika. Kijana wa chumba cha mazoezi ya tiba aliniambia nikae na kuinuka mara kumi kila siku, lakini aliniambia kwa upole mno, nami nikirudi nyumbani nafanya mara tatu na kulia mara saba. Mtani hakuwa na upole. Alhamisi iliyofuata alikwenda mwenyewe kumuuliza kijana yule nini kinaruhusiwa na nini hapana, akarudi na orodha.

Siku hiyo Rehema alisema neno lake. Timu ilikuwa na safari ya mashindano Tanga, mwezi wa tisa.

"Kocha, mimi siendi. Shangazi mgongo hauwezi. Mama akiingia chooni peke yake, akachuchumaa, akatoka peke yake, nitakwenda. Bila hivyo tafuta mwingine."

"Tuna wiki ngapi?" kocha akaniuliza mimi, wala si yeye.

"Kumi na moja," nikasema.

"Mzigua anajua hesabu. Jumatatu uwanjani."

Kufika uwanjani kulikuwa kichekesho chake. Shule iko nyuma ya nyumba yetu, lakini njia ni ya mawe. Wasichana walikuja na toroli lao la kubebea mifuko ya mchanga. Ile mifuko niliishona mimi, kwa turubai, kabla sijaanguka. Wakanipakia juu yake. Kocha aliwapanga wanisukume kwa zamu, akasema hilo nalo ni zoezi la nguvu.

"Jamani, Mama Rehema anakula nini?" akauliza mmoja akihema kwenye mwinuko.

"Anakula wavivu," kocha akamjibu. "Sukuma."

Wifi alitembea pembeni na mwavuli, akiwasalimia watu kwa sauti kubwa ili wasitazame toroli. Walitazama toroli.

Mazoezi ya watoto wale sikuwa nimewahi kuyaona. Nilidhani mpira wa kikapu ni kurusha tu. Kumbe nusu ya siku hawagusi mpira. Wanachuchumaa na kuinuka, wanapanda ngazi na kushuka, wanabeba mchanga, wanaruka juu ya tofali na kutua, na kocha amefumba macho anasikiliza. Akisikia kishindo, wote wanarudia. "Visigino chini! Magoti yasibusiane! Kifua juu, unaona aibu gani?" Mchanga wenyewe hakuwajazia. Kila wiki aliongeza bakuli moja tu, na anayejifanya shujaa akitaka mawili alipunguziwa.

Mimi nilikuwa kando ya mstari, kwenye kiti chenye mito mitatu, nimevaa dera, nafanya kama wao. Wao kila wiki waliongezwa bakuli la mchanga, mimi kila wiki nilipunguziwa mto. Ndivyo ninavyoikumbuka miezi ile. Wiki ya mito miwili ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, nikashuka nikisikika mpaka kwa jirani. Wiki ya kiti kitupu machungwa yalikuwa yameiva. Mahindi yakaingia, nikahamia kigodani.

Mkono ulibaki nyuma ya mguu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyeusahau nyumbani kwangu. Niliukalia bila kujua. Niliukuta ndani ya sufuria la mchicha. Asubuhi moja nilimfukuza kuku wa wifi aliyenilalia mapajani, "Shii! Shii!", hakwenda. Kutazama, ni mkono wangu. Ikiwa na wewe umefikia huko, jua kwamba huna wazimu, na mwite mtu mcheke naye.

Mwisho wa mazoezi tulilala chali kwenye kanga, wasichana na mimi, tukavuta pumzi taratibu. Ndiyo hiyo kupooza. Mimi niliipenda kuliko yote. Wifi hakukubali kabisa kulitamka neno lile. Alipoona jua limeshuka alisimama na mwavuli wake: "Haya wanangu, sasa mfanye kile cha mwisho."

Wiki ya nane nilitolewa kigodani nikapewa tofali. Nilishuka vizuri, bila kishindo, nikajisifu, nikaangalia kando kuona kama Rehema ameniona. Nikaenda chali. Kichwa hakikugonga, lakini dera lilipanda, na uwanja mzima wakaona alichoumba Mungu. Wifi alikuja mbio na mgongo wake mbovu, akanirushia kanga.

"Basi! Imetosha! Mtani umefanya utani wako, sasa mwache mgonjwa!"

"Hajaumia, mama."

"Nasema basi! Nimezika kaka yangu mwaka jana. Nikimzika na huyu, mimi narudi Handeni na nani?"

Mimi, nikiwa bado chini, nimeona aibu, nikamwambia neno ambalo nimeliomba msamaha na bado nitaliomba. Nilimwambia, "Rudi hata leo. Hakuna aliyekuita."

Siku mbili hatukusemeshana. Alinipikia, akaniogesha, akanifunga vifungo, kimya. Jaribu kugombana na mtu anayekusugua mgongo. Siku ya tatu nikamkuta uani ameweka lile tofali karibu na mlango wa jikoni, na juu yake ameweka mto mmoja.

"Anza na huo," akasema. "Nami nikae nyuma yako. Ukianguka, uniangukie mimi."

"Utavunjika mgongo, wifi."

"Umeshavunjika. Kaa."

Wiki ya kumi mto uliondoka. Wiki ya kumi na moja, Alhamisi na Ijumaa, nilikwenda chooni na fimbo, wifi akiwa ndani pamoja nami, ameegemea ukuta na kutazama pembeni kwa heshima. Nilishuka, nikainuka. Lakini sharti la Rehema lilikuwa peke yangu.

Jumamosi gari la shule lilikuja saa mbili kasoro, likasimama barabarani na wenzake wote ndani. Rehema alisimama uani na begi begani, amevaa jezi. Kocha alikuwa na filimbi shingoni. Wifi hakuwa na la kushika, akashika kuku.

Nikazihesabu hatua ishirini na mbili. Nikaingia. Nikafunga mlango na komeo, kwa sababu mtu mzima hachuchumai mlango wazi na kocha yuko uani.

"Visigino chini!" kocha akapaza sauti.

"Nyamaza, Mnyamwezi, niko chooni!"

Nikashuka. Hakuna aliyenisikia nikitua. Nilimaliza shughuli yangu, ambayo kwa hofu karibu igome. Kisha nikaegemeza fimbo ukutani, nikaweka mkono wa kulia gotini, nikainua kifua. Goti la kushoto likacheza, likataka kulibusu lenzake. Nikalikataza. Nikapanda. Nikasimama.

Nikalishika komeo. Mlango ule umelala upande, ukitaka kufungua sharti uunyanyue kidogo kwa mkono mmoja na kuvuta komeo kwa mwingine. Wa kulia ulivuta. Wa kushoto niliupandisha kwa wa kulia, nikauweka kwenye ubao, ukateleza ukashuka. Mara tatu. Barabarani gari likapiga honi.

"Mama, umeinuka?" Rehema akauliza.

"Nimeinuka."

"Peke yako?"

"Humu kuna nani mwingine?"

"Toka basi nikuone."

Mimi si mtu wa uongo. Nilifikiri nikimwambia, atauvunja mlango, atanishika kwapani, na hatakwenda. Gari likapiga honi tena.

"Nimesimama, Rehema. Sauti ya mtu aliyekaa huijui? Nenda, unawaweka watu. Mimi bado najiweka sawa."

Nikasikia viatu vyake vya mpira, vya kwanza pole pole, halafu mbio. Kocha akapiga filimbi. Gari likaondoka, wakiimba.

"Wifi," Mwanahawa akaita, "wameshakwenda. Toka."

"Komeo limekwama."

Nikamsikia kuku amepiga kelele, ameachiwa. Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

"Lakini umesimama?"

"Nimesimama."

"Basi baki hivyo hivyo, nikamtafute fundi."

Fundi alikuwa Makuyuni, akaitwa kwa simu, akaja na pikipiki saa tatu na nusu. Katikati ya hapo nilichoka kuegemea ukuta, nikachuchumaa, nikapumzika kidogo, nikainuka tena. Fundi alipong'oa bawaba na kuuweka mlango pembeni, nilimsalimia nikiwa nimesimama.